Mafundo ya Mjomba

Tarehe 3 Machi

Kaka yangu,

Usishtuke ukiona bahasha. Hakuna aliyekufa. Nakuandikia kwa kalamu kama tulivyokubaliana, maana tangu tulipogombana kwenye simu wiki ile ya msiba wa Mjomba nimeamini kwamba simu haitufai sisi wawili. Kwenye simu kila mmoja hujibu kabla mwenzake hajamaliza. Barua humlazimisha mtu ameze mate kwanza.

Ule uwanja wa mawe nyuma ya stesheni ya zamani, tulikokuwa tunaokota vyuma, huwezi kuutambua. Wamelaza paneli za sola safu kwa safu mpaka macho yanachoka, na wanasema hii ni robo tu. Mji umeamka. Chumba cha uani ambacho kwa mwaka mzima hakikupata mpangaji sasa kinagombewa. Kinyozi wa kona ameongeza kiti cha pili, na mkewe anaamka alfajiri kwenda kuosha paneli pamoja na wanawake wengine thelathini. Ukipita sokoni husikii tena bei ya mafuta ya taa, unasikia nani kaajiriwa na nani kaachwa.

Sasa nije kwenye shida yangu. Wanatafuta wasimamizi sita wa kazi ya waya. Nimeomba. Ndiyo, mimi, na umri wangu wa miaka hamsini na minne. Shemeji yako anasema nikipata kazi hiyo yeye atajifunza kupika, na hilo linanitisha kuliko usaili wenyewe.

Masharti ni matatu: jaribio la vitendo, usaili, na barua ya fundi mwenye leseni aliyemwona mwombaji kwa macho yake akifanya kazi ya umeme kwa muda usiopungua miaka miwili. Mjomba ndiye angeiandika, lakini ni mwaka wa nne sasa tangu tumzike. Mafundi wengine wenye leseni hapa mjini ni wale wale waliokuwa wakisema Mjomba amezeeka, anatembea na mwanamke wa kumbebea mkoba. Hawaniandikii.

Umebaki wewe. Kabla hujaondoka tulifanya kazi sisi watatu kwa miaka minne: Mjomba na mimi juu ya ngazi, wewe chini na jenereta. Leseni yako bado ni leseni. Andika, weka namba yake, tia sahihi. Mwisho wa kupokea barua ni tarehe 30 Aprili.

Msalimie wifi yangu.

Mdogo wako

---

Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilisafiri siku tisa, nami nikakaa nayo siku mbili mfukoni. Naijibu nikiwa hapa kwenye chumba cha jenereta cha hospitali, mahali nilipokaa miaka ishirini na sita. Mashine ni mbili. Ile kubwa inakoroma, ile ndogo inakohoa kila inapoanza, na mimi najua kikohozi chake cha afya na kikohozi chake cha maradhi. Naweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, nasikia beringi inayotaka kufa wiki tatu kabla haijafa. Unakumbuka Mjomba alivyokuwa akiwaambia watu: huyu ana masikio.

Kwa hiyo niruhusu nisishangilie sana. Umeme usio na sauti siuamini. Kitu kinachofanya kazi kimya hakikuonyi kabla hakijaharibika. Lakini mimi ni mzee, na naona dunia imeamua. Hapa pia wamepandisha paneli juu ya wodi ya wazazi. Tulikuwa watano kwenye kikosi cha jenereta. Watatu wamepewa barua za shukrani, nawe unajua barua ya shukrani maana yake nini. Wawili tunaweza kubaki tukifaulu mafunzo ya sola yanayoanza mwanzoni mwa mwezi ujao. Mkufunzi ni mwanamke mwenye umri wa kitinda mimba wangu. Nitafaulu, sina shaka. Waya ni waya.

Kuhusu barua unayoitaka, sahihi ya fundi si kitu cha kutoa kama salamu. Umesema nilikuona kwa macho yangu. Ngoja nikukumbushe nilichokiona. Mama alinipeleka mimi kwa Mjomba nijifunze kazi. Mimi, si wewe. Nilikuwa na miaka ishirini. Mwaka mzima nilikuwa peke yangu naye. Kisha wewe ukaja siku moja kumletea chakula, siku ya pili ukashikilia ngazi, siku ya tatu uko juu ya ngazi na mimi niko chini. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Kijana wa umri wa kuoa anamwaga dizeli kwenye tangi, na mdogo wake wa miaka kumi na sita yuko darini na fundi mkuu. Watu waliokuwa wakipita waliniuliza kama nimeadhibiwa.

Nieleze basi. Ulikuwa unafanya nini kule juu? Ulishika tochi? Ulimpa koleo? Maana nikiandika, itabidi niandike jambo fulani, na jambo hilo silijui.

Kaka yako

---

Tarehe 25 Machi

Kaka,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliisoma karibu na dirisha na sikucheka.

Miaka thelathini na nne, na bado uko chini ya ile ngazi. Mimi nilidhani katika sisi wawili mwenye haki ya kununa ni mimi. Siku ulipoondoka, wakati wa zile ghasia, kila mtu anakimbia na godoro kichwani, Mjomba alikufungasha wewe sanduku lote la vifaa. Alikupa daftari lake. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekusimamia mpaka ukapata leseni. Mimi nilibaki na testa moja ile ya kalamu, ya kupimia umeme, na nayo uliitaka siku ya msiba wake. Ulikuwa na njaa ya testa, kaka, wakati mimi bado nina udongo mikononi.

Nimebaki hapa na waya za mji huu miaka yote hiyo. Mtu akigonga mlango akaita fundi, mimi ndiye ninayeitika, na yeye anachungulia nyuma yangu kumtafuta fundi. Uliponitumia picha yako umesimama kando ya ile mashine kubwa, na kofia, na jina la kazi kifuani, niliiweka ukutani. Kisha nikaigeuza ikaangalia ukuta. Shemeji yako aliigeuza tena, nami nikamwambia mwanga unaiharibu. Unaona, na mimi ninayo ya kusema.

Jaribio la vitendo nimefaulu. Tulikuwa ishirini na wawili. Pembeni yangu alikaa kijana wa chuo mwenye vyeti vitatu kwenye mfuko wa nailoni; aliniita mama na kuniuliza kama nimekuja kumsindikiza mwanangu. Walitupa ubao wenye waya zilizochanganywa, tuzitenganishe na kuziunga kwa saa moja. Mimi nilimaliza kwa dakika arobaini. Msimamizi alisimama juu ya ubao wangu akiangalia nyuzi. Bila kufikiri nilikuwa nimefunga uzi na kupiga mafundo ya Mjomba kwenye kila ncha: fundo moja waya nyekundu, mawili nyeusi, matatu kijani. Akaniuliza ni ya nini wakati rangi zinaonekana. Nikamjibu ni desturi ya nyumbani.

Kuhusu swali lako la nilichokuwa nikifanya kule juu, sitalijibu. Si kwamba sina jibu. Niliapa. Usiandike kwamba mimi ni hodari. Andika tu ulichokiona: kwamba nilipanda, nilishuka, na taa ziliwaka. Hilo uliliona.

Zimebaki wiki tano.

Mdogo wako

---

Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Nitakuwa mfupi.

Mafunzo nimeyaacha. Niliwaambia siwezi kukaa dawati moja na watoto nikafundishwa jinsi ya kushika waya. Walinisihi. Nilikataa.

Umewaonyesha mafundo. Ningependa ujue kwamba yale mafundo ni yangu. Mjomba alinifundisha mimi mwaka ule wa kwanza, kabla wewe hujatia mguu kwenye kazi. Alinikalisha chini akaniambia fundi mwenye heshima hategemei rangi aliyoipaka mtu wa kiwandani asiyemjua. Anapima kwa testa, anapiga fundo lake, kisha analiamini fundo lake. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Kila waya niliyowahi kuishika ina uzi wangu. Hapa wenzangu wananiita Fundi Fundo, na wanaponicheka huwa najiambia wao hawakuwahi kuwa na mwalimu. Kile ndicho kitu pekee nilichopewa mimi na hukupewa wewe. Sasa nasikia ulikipiga mbele ya watu ukakiita desturi ya nyumbani.

Umesema niandike nilichokiona. Sikuona, mdogo wangu. Nilisikia. Nilikuwa chini, jenereta imezimwa, nangoja amri ya kuiwasha, nami nasikia ukinong'ona huko darini. Neno moja, kimya, neno moja, kimya. Kisha Mjomba anacheka taratibu, na wewe unacheka. Miaka minne. Nilijua mnanisema mimi. Wakati mwingine nilikohoa ili mjue nipo, na minong'ono ikakatika ghafla, kama inavyokatika wanaposemwa watu. Mtu hanong'oni habari njema.

Una kiapo, unasema. Basi kaa na kiapo chako, nami nikae na leseni yangu. Siwezi kuthibitisha kazi niliyofichwa.

Wifi yako anakusalimu. Hajui ninachokuandikia.

Kaka yako

---

Tarehe 16 Aprili

Kaka,

Niliapa kwa Mjomba nikiwa na miaka kumi na sita, na nimekitunza kiapo mpaka yeye mwenyewe kaingia kaburini. Leo nakivunja. Si kwa ajili ya kazi. Kwa barua hii kusafiri siku tisa na yako siku tisa, kazi nimeshaikosa, hesabu ni rahisi. Nakivunja kwa sababu uliandika kwamba tulikuwa tunakucheka.

Nilikuwa namtajia rangi.

Mjomba alikuwa haoni rangi. Nyekundu na nyeusi kwake zilikuwa kitu kimoja, na kijani ikimjia kama udongo. Alizaliwa hivyo. Alipokuwa kijana alificha, na alipokuwa fundi alizidi kuficha, maana nani atampa nyumba yake fundi asiyeijua nyekundu? Ndiyo sababu ya mafundo. Hayakuwa heshima wala ustadi, kaka. Yalikuwa fimbo ya kipofu. Alipima kila waya kwa testa, akaipiga fundo, na kazi ya siku moja ikamchukua siku tatu. Wateja wakaanza kulalamika. Siku ile nilipomletea chakula aliniuliza, kama mtu anayetania, hii waya ni ya rangi gani? Nikamwambia. Akaniuliza nyingine. Kesho yake akaniomba nimshikie ngazi.

Minong'ono uliyoisikia ndiyo hiyo. Nyekundu. Kimya, anaunga. Nyeusi. Kimya, anaunga. Kijani. Alicheka pale nilipokosea kwa makusudi kumjaribu, akanigundua kwa testa. Na tuliponyamaza ulipokohoa, tulinyamaza kwa sababu yako, lakini si kwa namna uliyodhani.

Unakumbuka nyanya? Mama alikutuma nyanya mbivu, ukarudi na kikapu nusu yake mbichi. Si mara moja. Alikugombeza, akasema kichwa chako kiko mawinguni. Mjomba alikuwepo siku moja ya hizo. Alichukua nyuzi mbili kwenye kopo la kushonea la Mama akakuambia, nipe huo mwekundu. Ukampa wa kijani, tena kwa uhakika kabisa. Akakushukuru, akautia mfukoni. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, nikataka kucheka, akaniangalia, akalisoma jibu usoni pangu, nami nikainamia mchele wangu.

Baadaye akaniambia: "Na huyu ni kama mimi. Wawili wasioona hawawezi kuongozana juu ya paa." Ndiyo maana alikufundisha mafundo mwaka ule wa kwanza, akakupa sababu ya kuyapenda. Kisha akatembea mpaka kwenye kinu cha kusaga, akaenda tena na tena, kumbembeleza mwenye kinu akuruhusu ukae na injini yake. Alikuwa akisema, injini haina rangi, ina sauti, na huyu ana masikio. Hakukushusha chini ya ngazi, kaka. Alikutafutia mahali ambapo hakuna mtu angeweza kukucheka. Akaniapisha nisikwambie. Alisema mtu asiyejua kwamba amepungukiwa hutembea wima.

Mimi nilikuwa nani katika mambo haya? Macho ya kuazima. Siku niliyounga bodi nzima ya swichi peke yangu, Mjomba alishtuka kana kwamba koleo limemsalimia. Alinipenda, najua. Lakini kila mteja aliposifu kazi, alipokea sifa akiwa ameniwekea mkono begani, na mkono ule ulikuwa unaniomba ninyamaze. Alificha aibu yake nyuma yangu, nami nikafichika pamoja nayo. Ningeweza kupata leseni. Angelazimika kueleza nilijifunza vipi, akaogopa. Wewe alikupa leseni na sanduku kwa sababu ulikuwa unaondoka na siri usiyoijua. Nikakuonea wivu kwa sanduku, wewe ukanionea wivu kwa ngazi. Yeye alikuwa katikati, na uzi mfukoni.

Uliposema umekataa mafunzo ya sola, nilicheka peke yangu jikoni. Nikasema, huyo ndiye kaka yangu, kiburi kitamzika. Kisha nikakumbuka kwamba waya za sola ni mbili, nyekundu na nyeusi. Nikaacha kucheka.

Sidai tena barua. Nijibu tu kama uko salama.

Mdogo wako

---

Tarehe 25 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Niliisomea nje, nimekaa kwenye pipa tupu la dizeli, na nilipomaliza nilibaki pale mpaka mwenzangu akaja kuuliza kama mashine imeharibika.

Sikukataa mafunzo. Nilikudanganya.

Siku ya pili walitupa betri, kisanduku kidogo na waya mbili. Nilitoa uzi mfukoni na kuanza kupima, nipige mafundo yangu. Mkufunzi akasema kwa upole kwamba hakuna haja, rangi zinaonekana. Wenzangu wakacheka: Fundi Fundo na nyuzi zake. Nikaona haya, nikaurudisha uzi mfukoni, nikaunga kwa macho kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Fyuzi ikapasuka. Nikaunga tena kwa hasira, ikapasuka ya pili. Mkufunzi akaziondoa waya mikononi mwangu. Akanipeleka kliniki ya macho, hapo hapo hospitalini, ghorofa ya kwanza. Daktari ambaye nimemwashia taa miaka kumi na tisa alinifungulia kitabu cha madoadoa akaniuliza naona namba gani. Nikamwambia aniulize swali jingine. Akafungua ukurasa wa pili. Madoa tu, mdogo wangu. Kama changarawe.

Nilirudi nyumbani nikamwambia wifi yako kwamba kozi ni ya kitoto. Kisha nikakaa nikakuandikia ile barua ya tarehe 6, siku ile ile. Sasa unajua ilitoka wapi. Wewe ulikuwa umemaliza ubao kwa dakika arobaini.

Miaka yote hii nimeweka fundo moyoni kwa kushushwa chini ya ngazi, kumbe aliyenishusha alikuwa ananishika nisianguke. Ningetaka kukuambia wivu umekwisha. Haujaisha. Umepungua tu, na umebadilika sura. Zamani nilikuonea wivu kwa kuwa ulipendwa zaidi. Leo nakuonea wivu kwa sababu ulijua. Mlikuwa wawili mkijua habari zangu, nami nikawa wa mwisho kuambiwa kuhusu macho yangu mwenyewe.

Lakini kuna jambo halikungoja hasira yangu iishe. Nilitazama kalenda, nikaona siku tano. Posta ni siku tisa. Kuna mtu mmoja tu katika jengo hili ninayemjua anayeweza kutuma karatasi kwa kompyuta ikafika leo leo, na mtu huyo ni yule mkufunzi. Nilizunguka mlango wake kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe nikaingia. Nilimwambia nina barua ya mdogo wangu ya kazi. Aliisoma yote kabla ya kuituma, akauliza, "Huyu mdogo wako, mnafanana?" Nikamjibu kwamba mdogo wangu anaona.

Akanipeleka kwenye chumba cha betri, sijui kwa nini, labda kunifariji. Ni chumba safi kama wodi. Ukutani kuna visanduku vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa kuwasha taa. Nilidhani ni kimya. Si kimya. Ndani kuna feni ndogo. Niliweka bisibisi sikioni, kwa mazoea tu, nikamwambia cha tatu kutoka mlangoni feni yake haifiki mwezi ujao. Akacheka. Kisha akakifungua. Hajaniambia chochote zaidi ya kuandika jambo kwenye daftari lake.

Nakala ya barua niliyotuma naambatanisha hapa. Sikuivunja siri ya Mjomba. Pima mwenyewe.

Kaka yako

---

Tarehe 25 Aprili

Kwa Msimamizi wa Ajira,

Yah: Uthibitisho wa kazi ya mwombaji wa nafasi ya msimamizi wa waya

Mimi ni fundi umeme mwenye leseni ya daraja la pili, namba yake iko chini ya sahihi yangu. Kwa sasa ni mwendeshaji wa jenereta za hospitali. Mwombaji ni mdogo wangu wa tumbo moja, nami nawaomba mlizingatie hilo mnapopima maneno yangu, kwa kuwa kwa muda mrefu sikutaka kumsifu.

Nilifanya kazi pamoja naye miaka minne chini ya fundi mkuu, ambaye sasa ni marehemu. Mimi nilikuwa kwenye jenereta, yeye kwenye waya. Nathibitisha kwamba katika miaka hiyo hakuna ungio hata moja ambalo fundi mkuu alilifunga kabla mwombaji hajaliangalia na kutamka. Asipotamka, kazi ilisimama. Alipotamka, mimi niliamriwa kuwasha mashine. Niliwasha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na haikutokea hata mara moja fyuzi ikapasuka.

Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Sharti lenu linataka shahidi wa macho. Katika jambo hili, macho yalikuwa yake.

Fundi wa jenereta, hospitali

---

Tarehe 6 Mei

Kaka,

Wamenichukua.

Nimeanza juzi. Nina watu kumi na mmoja chini yangu, mmoja wao yule kijana wa vyeti vitatu, ambaye sasa ananiita bosi kwa sauti ile ile aliyoniitia mama. Mke wa kinyozi hanisalimii tangu atangaziwe majina. Anasema kazi zinakwenda kwa wenye ndugu. Safari hii ana haki kidogo.

Kwenye usaili msimamizi wa ajira aliniambia amesoma barua nyingi za uthibitisho, zote zinasema mwombaji ni mchapakazi na mwaminifu. Yako aliisoma mara mbili, akaniuliza maana ya mstari wa mwisho. Nilimwambia ni mambo ya kifamilia. Wewe umesema ukweli wote na Mjomba amebaki na heshima yake. Mimi nisingeweza.

Umeniambia unanionea wivu kwa sababu nilijua. Chukua basi na la kwangu: niliposoma hadi pale kwenye feni, na bisibisi sikioni, nilikuonea wivu mpaka nikaiweka barua chini. Mimi nimefungua visanduku vile siku hizi mbili na sijasikia kitu. Nimewaambia vijana wangu wanyamaze tusikilize. Tulisimama kama watu kumi na wawili wanaoomba dua, na hakuna aliyesikia chochote. Mkufunzi wako akikupa kazi, usijifanye kukataa. Na kama hajakupa mpaka barua hii inafika, mwambie yuko mtu mwingine, mbali kidogo, ana visanduku mia mbili na hamsini na hana masikio.

Picha yako nimeirudisha ukutani, uso huku kwetu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna testa ya Mjomba. Taa yake haina fumbo: ikiwaka imewaka. Yeye mwenyewe aliitumia hivyo miaka yote, nami sikuwahi kuihitaji. Niliishikilia tu kwa sababu wewe uliitaka. Nimeizungushia uzi na kuupiga fundo moja.

Uzi ni mwekundu. Niamini.

Mdogo wako